Jinsi ya kufuma dodoki la vyombo lisilonuka

Dodoki la kufuma likianza kunuka, lawama huenda kwa sabuni, kwa maji ya bomba au kwa aliyeosha vyombo jana usiku. Mara nyingi kosa ni la zamani zaidi: lilifanyika dukani uzi ulipochaguliwa, au mkononi mishono ilipobanwa. Uzi unaokunywa maji, mshono uliokazwa, tambara lililojazwa katikati ili dodoki lionekane nene, vyote huishia pamoja. Maji hubaki ndani, punje za ugali na mafuta hubaki nayo, na kufikia asubuhi harufu imeshafika sebuleni.

Angalia dodoki lenyewe, lile la mmea unaotambaa kwenye uzio. Likishakauka na kumenywa, kinachobaki ni wavu wa nyuzi ngumu wenye matundu kila upande. Maji yanaingia, maji yanatoka. Kumbi la nazi, ambalo watu wa pwani wamesugulia vyungu na sufuria miaka mingi kwa majivu, nalo ni hivyo hivyo: nyuzi na nafasi. Anayefuma dodoki aige zile nafasi, unene utajileta wenyewe. Vipimo vya humu vimepangwa ili dodoki lililooshea vyombo vya mchana liwe limekauka kabla ya vyombo vya usiku.

UZI KWANZA

Akriliki ndiyo uzi wa kuanzia. Ni ule uzi wa sweta unaouzwa sokoni kwa vifundo vya rangi mbalimbali. Wauzaji wengi huuita sufu ingawa hauna hata unywele mmoja wa kondoo. Haunywi maji kama pamba, hauozi, na ukikamuliwa vizuri hukauka kwa saa chache. Kwa uchafu mwepesi, kama vikombe vya chai, glasi na sahani za wali usio na mafuta mengi, akriliki husafisha kwa sabuni kidogo sana. Japani madodoki ya akriliki ya kufuma kwa mkono yalipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Udhaifu wake ni joto: sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi huulainisha uzi, ukalala na kupoteza umbo moja kwa moja. Mara chache huyeyuka kabisa na kuacha utando mweusi kwenye chuma. Acha sufuria ipoe.

Ukishuku kifundo kimeandikwa vingine, kata uzi wa sentimita 5, toka nje, uushike kwa koleo na uuwashe. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge cheusi kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu ya kweli hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Sufu usiifumie dodoki: maji ya moto na msuguano huifinyanga, ikawa kipande kigumu kama soli.

Pamba ni nzuri kwa kitambaa cha kufutia meza na kwa vyombo vya kioo, kwa sababu ni laini na inaweza kuchemshwa. Lakini inakunywa maji. Dodoki la pamba lenye tabaka mbili nene katika jiko la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika halikauki siku nzima. Ukitaka pamba, fuma tabaka moja tu.

Nailoni ni uzi wa kushonea nyavu unaopatikana katika maduka ya wavuvi. Huandikwa namba kama 210/6, 210/9 au 210/12. Namba ya pili ikipanda, uzi unanenepa. Kwa kuchanganya na akriliki chukua 210/6 au 210/9. Unakwangua vizuri, haunywi maji kiasi cha kusumbua, ila unateleza, na fundo la kawaida hufunguka lenyewe.

Neti ni kitambaa kile cha mashela na magauni ya watoto ya sherehe. Chagua ile ngumu inayosimama ukiikunja. Neti laini inayoanguka kama hariri haisugui chochote. Mifuko ya neti ya vitunguu pia hufaa, ila ipime kwanza. Ikwaruze kwa ukucha mara ishirini hivi. Ikitoa vipande vidogo kama mba, itupe, maana vipande hivyo vitaingia kwenye chakula. Mfuko uliokaa juani dukani karibu wote hushindwa hapo.

Chandarua usikiguse. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimetiwa dawa ya kuua mbu ya jamii ya pairethroidi, na hutengenezwa ili dawa ibaki hata baada ya kufuliwa mara 20. Hata kile kilichotoboka na kuchakaa si cha kuoshea sahani ya mtoto.

Nyuzi za kumetameta nazo ziache dukani. Ule utepe unaong'aa hubanduka kidogo kidogo.

VIFAA

Sindano ya kroshia ya milimita 5 kwa akriliki ya nyuzi mbili pamoja. Ya milimita 6 kwa katani, yaani kamba ya mkonge, na ya 6.5 hadi 8 kwa neti. Ya alumini ni bora kuliko ya plastiki, hasa kwenye neti na katani, kwa sababu ya plastiki hupinda shingoni na hatimaye kukatika. Kama una moja tu, iwe ya 6.

Ongeza mkasi unaokata kweli, futi ya fundi cherehani, pini mbili tatu za kuwekea alama, na shazia au sindano nyingine yenye tundu kubwa la kufichia mikia ya uzi. Shazia ya gunia ina ncha kali. Isugue kwenye jiwe mpaka ncha ibutuke, la sivyo itapasua uzi badala ya kupita katikati ya mishono.

MISHONO MINNE INATOSHA

Cheni: uzi unazungushwa kwenye sindano na kuvutwa ndani ya kitanzi. Kila mvuto ni cheni moja.

Mshono wa kufungia: ingiza sindano kwenye tundu, zungusha uzi, vuta upite tundu na kitanzi kwa mvuto mmoja. Hauna kimo, kazi yake ni kuunganisha.

Mshono mfupi: ingiza sindano, zungusha uzi, vuta. Sasa una vitanzi viwili. Zungusha uzi tena, vuta upite vyote viwili.

Mshono mrefu: zungusha uzi kwanza, ndipo uingize sindano. Vuta uzi: vitanzi vitatu. Zungusha, pitisha viwili. Zungusha, pitisha viwili vilivyobaki.

Wanaofuata video za nje wajihadhari na jambo moja. Mshono mrefu ulioelezwa hapa Wamarekani huuita "double" na Waingereza "treble". Mshono wetu mfupi ni "single" kwa Mmarekani na "double" kwa Mwingereza. Ndiyo maana kazi iliyofuatwa kwa uaminifu wote hutoka nusu ya ukubwa uliotarajiwa: jina ni moja, mshono ni mwingine. Angalia mkono wa anayefuma, usisikilize jina.

Halafu kuna suala la kubana. Anayeanza hubana, kwa sababu anaogopa kitanzi kitatoka. Kitanzi kinatakiwa kiteleze kwenye sehemu nene ya sindano, si kwenye shingo nyembamba karibu na ndoano. Ukifuma shingoni, sindano ya milimita 5 inakuwa kama ya 3.5, na dodoki linatoka gumu kama kizibo. Pima hivi: fuma kisahani, yaani duara dogo bapa, kisha kiinue mbele ya dirisha. Kama huoni mwanga kati ya mishono, fumua na uchukue sindano kubwa zaidi.

DODOKI LA DUARA LA TABAKA MBILI

Hili ndilo la kazi za kila siku. Ni visahani viwili vilivyounganishwa ukingoni, upana wa sentimita 11 hivi, unaojaa kiganjani bila kumwagika nje ya vidole. Linahitaji akriliki gramu 15 au pungufu kidogo, kwa hiyo kifundo cha gramu 50 hutoa matatu. Ukitumia rangi mbili, kila kisahani na yake, ni rahisi kukumbuka upande upi ni wa glasi na upi ni wa sufuria.

1. Shika nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja kutoka katikati ya kifundo na mmoja kutoka nje. Zizungushe kwenye kidole cha shahada kupata pete, ukiacha mkia wa sentimita 15. Mkia mfupi zaidi ya hapo utakuja kukusumbua.

2. Mzunguko wa kwanza. Ndani ya pete fuma cheni 3, ambazo zinahesabiwa kama mshono mrefu mmoja, kisha mirefu 11. Vuta mkia mpaka pete izibe. Funga kwa mshono wa kufungia juu ya cheni ya tatu. Hesabu: 12.

3. Mzunguko wa pili. Cheni 3, na mrefu 1 hapo hapo kwenye shina la cheni hizo. Kisha mirefu 2 katika kila mshono uliobaki. Funga. Hesabu: 24.

4. Mzunguko wa tatu. Cheni 3, mrefu 1 hapo hapo, mrefu 1 kwenye mshono unaofuata. Kuanzia hapo endelea na mpangilio huo: mirefu 2 katika mshono mmoja, mrefu 1 katika unaofuata, mpaka mwisho. Funga. Hesabu: 36. Kata uzi, acha sentimita 15, vuta utoke.

5. Rudia hatua ya 1 hadi ya 4 kwa kisahani cha pili, lakini safari hii usikate uzi.

6. Mkia wa katikati upitishe kwa shazia kuzunguka pete mara moja, kisha geuka uupitishe mara ya pili kwa upande wa kurudi. Mzunguko mmoja peke yake hautoshi. Pete iliyofungwa kwa kuvuta tu hufunguka baada ya kuoshwa mara kadhaa, na tundu hutokea pale pale vidole vinapokandamiza.

7. Weka visahani mgongo kwa mgongo, upande mzuri ukitazama nje, mishono ikilingana. Katikati weka kipande cha neti ngumu chenye sentimita 25 kwa 25 kilichokunjwa mara mbili mbili mpaka kitoshee. Kinalipa dodoki mwili bila kushika maji. Sponji, tambara la fulana au mabaki ya uzi havifai hapo, hata kama vinaonekana kuwa njia nzuri ya kuokoa taka.

8. Unganisha kwa mishono mifupi inayopita tabaka zote mbili. Fuma 5, mmoja kila tundu, kisha 2 katika tundu la sita. Rudia mara sita. Utapata 42 ukingoni. Ile mishono sita ya ziada ndiyo inayozuia ukingo usijikunje ndani.

9. Ulipofika mwanzo, fuma cheni 12, ziunganishe kwa mshono wa kufungia pale zilipoanzia. Hicho ni kitanzi cha kutundikia, na dodoki lisilotundikwa ni kazi bure. Kata, vuta, ficha mikia.

Kuficha mkia kuna adabu yake. Pitisha shazia sentimita 4 upande mmoja chini ya mishono, ruka uzi mmoja, rudi sentimita 3 kwa njia ile ile. Kuruka huko ndiko kunakoshika. Mafundo yaliyokatwa karibu hayadumu kwenye akriliki yenye sabuni.

UPANDE WA KUKWANGUA

Akriliki tupu haitoi ukoko wa wali. Kwa kisahani cha pili, badala ya nyuzi mbili za akriliki, shika mmoja wa akriliki na mmoja wa nailoni ya 210/9, sindano ile ile ya milimita 5. Nailoni hujitokeza juu ya mishono kama miiba midogo, akriliki inaizuia isiteleze. Kisahani hiki kitatoka kidogo kuliko cha kwanza, pengine nusu sentimita, kwa sababu nailoni hainyumbuki. Usiongeze mishono kufidia. Hesabu ikiachana, hatua ya 8 haitalingana. Tumia sindano ya 5.5 kama unayo.

Ncha za nailoni baadhi ya watu huzichoma kwa kiberiti ili zisifumuke. Zinashika kweli, lakini kile kidonge kinachobaki ni kigumu na huchora glasi na sufuria zenye utando mweusi usioshika chakula. Bora mkia mrefu wa sentimita 10 uliofichwa kwa kwenda na kurudi mara tatu.

Kwa vyombo vyenye utando huo tumia upande wa akriliki tupu peke yake.

DODOKI LA NETI

Hili halina uzi kabisa. Ni neti iliyokatwa kanda na kufumwa kama uzi mnene, na ndilo linalokauka upesi kuliko yote: lipige mara mbili ukingoni mwa karo, maji yote chini. Kwa mabakuli ya unga uliogandamana na masufuria ya uji halina mpinzani.

Nunua neti ngumu sentimita 40 kutoka kwenye jora lenye upana wa mita 1.5. Ikunje mara mbili tatu ili ule upana wa mita 1.5 upungue, kisha kata kanda za upana wa sentimita 5, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1.5. Unapata kanda 8, jumla mita 12. Ukikata chini ya sentimita 4 dodoki linakuwa legelege. Ukizidisha 6 sindano haipiti.

Kuunga kanda usifunge fundo, kwa kuwa fundo la neti ni gumu na linaumiza mkono. Kata mkato wa sentimita 1.5 katikati ya ukanda, sentimita 2 kutoka mwisho, katika ncha zote mbili zinazokutana. Laza mwisho wa ukanda mpya juu ya mwisho wa ule wa zamani, mikato ilingane. Chukua ncha ya mbali ya ukanda mpya, ipitishe kutoka chini ipande katika mikato yote miwili, uvute taratibu mpaka pabane.

Kwa sindano ya milimita 6.5 au zaidi, fuma cheni 3 na uziunganishe kuwa pete. Halafu ni mishono mifupi tu, kwa mtindo wa konokono, bila kufunga mwisho wa mzunguko. Weka pini kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko na uihamishe, maana kwenye neti mishono haionekani vizuri na jicho hudanganya.

Mzunguko wa 1: mifupi 6 ndani ya pete.
Wa 2: mifupi 2 kila mshono, 12.
Wa 3: fuma 1, kisha 2 kwenye unaofuata, rudia, 18.
Wa 4: 1 kila mshono, 18.
Wa 5: fuma 1, kisha unganisha miwili inayofuata kuwa mmoja, rudia, 12.
Wa 6: unganisha miwili miwili, 6.

Kuunganisha miwili maana yake ni kuvuta kitanzi katika mshono wa kwanza, kuvuta kingine katika wa pili bila kumaliza, kisha kupitisha neti katika vitanzi vyote vitatu. Mwishoni pitisha ukanda kwenye mishono 6 iliyobaki, kaza, ingiza mkia tumboni. Unapata tufe lililobonyea, kama andazi lililokaliwa.

Kutafuta mahali pa kuingiza sindano, tumia vidole. Bonyeza ukingo, utahisi pindo mbili za neti zimelala pamoja kama kichwa cha mshono. Ingiza sindano chini ya zote mbili. Anayeingiza katikati ya neti yenyewe anaichana.

DODOKI LA KATANI

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, na katani yake ingali uzi wa bei nafuu, mgumu na unaooza ukitupwa. Akina mama wa Ukambani, Kenya, huisokota kwa mkono kwa ajili ya vikapu vya vyondo. Kamba hiyo ya kusokotwa nyumbani ni nzuri kuliko ya kiwanda kwa dodoki, kwa sababu haina mafuta. Ya kiwandani inuse kwanza. Kamba inayonuka mafuta ya mashine, na hasa ile ya kufungia marobota ya majani ya mifugo, hutiwa mafuta na pengine dawa ya kuzuia wadudu na panya. Iache.

Chukua kamba yenye unene wa milimita 2, mita 15 hadi 20. Iloweke dakika 15, ikamue. Katani kavu ni kali, hukata ngozi kati ya vidole na kukatika inapopinda kwenye sindano. Ikiwa na unyevu inatii. Sindano ya milimita 6. Fuma cheni 16, rudi kwa mifupi 15 ukianzia cheni ya pili kutoka kwenye sindano, kisha cheni 1, geuka, mifupi 15, hivyo hivyo mpaka safu 14. Kipande kitakuwa karibu sentimita 11 kila upande. Tabaka moja tu. Tundika kikauke kabla ya kukitumia mara ya kwanza.

Hiki ni cha masizi ya sufuria za kuni, vibao vya kukatia, miiko na mbuzi ya kukunia nazi. Kitachora alumini iliyong'arishwa na kitaharibu utando wa kikaango. Siku za kwanza ni kikali, wiki ya pili kinalainika, na hapo ndipo kinafanya kazi vizuri zaidi.

KWA WANAOTUMIA SINDANO MBILI

Anzisha mishono 20 kwenye sindano za milimita 4.5, akriliki nyuzi mbili, na ufume safu zote kwa mshono wa kawaida wa mbele, pande zote mbili, mpaka mraba utimie. Matuta yanayotokea ndiyo yanayosugua. Usibadilishe mbele na nyuma ili kupata sura laini ya sweta: kitambaa hicho hujiviringisha kingo na hakisugui.

YANAYOHARIBIKA

Kisahani kinajikunja kama bakuli. Mishono ya kuongeza imerukwa, au unabana. Hesabu mzunguko wa mwisho. Kama ni 36 kamili, tatizo ni mkono wako, si hesabu, badilisha sindano. Kwa mishono mirefu duara bapa huongeza 12 kila mzunguko, kwa mifupi huongeza 6. Aliyechanganya kanuni hizo mbili, yaani mishono mirefu kwa nyongeza ya 6, anapata kofia.

Ukingo unacheza kama rinda. Umeongeza kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu umefuma ndani ya mshono wa kufungia ukidhani ni mshono. Tundu hilo dogo linaloonekana kabla ya cheni 3 si lako.

Hesabu inapungua mmoja kila mzunguko. Unasahau kwamba cheni 3 ni mshono. Mzunguko unapoishia, lazima kitu kifumwe juu yake.

Uzi unapasuka na sindano inaingia nusu. Nyuzi mbili zilizosokotana. Kila baada ya mzunguko mmoja inua kazi, iache ining'inie izunguke mpaka itulie.

Rangi inatoka. Ni pamba, karibu kila mara, hasa nyekundu na bluu nzito. Loweka dodoki jipya kwenye maji ya moto na suuza mpaka maji yawe meupe kabla halijagusa sahani ya mtu.

Dodoki limelala, halina nguvu. Limewekwa kwenye maji yanayochemka. Akriliki iliyopata moto wa namna hiyo hairudi. Uifanye ya kufutia dirisha.

KULITUNZA

Kila baada ya vyombo, suuza chini ya maji yanayotiririka huku ukilikunjua, kamua, litundike mahali pana upepo. Kuliacha ndani ya beseni au chini ya sufuria iliyoinamishwa kunafuta faida yote ya matundu uliyoyafuma. La nailoni na la neti ya plastiki litundike kivulini, maana jua la kila siku huvikausha vikaanza kuvunjika. Akriliki haijali jua.

Mara moja kwa wiki, la pamba chemsha dakika 10. La akriliki loweka dakika 5 kwenye lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kisha suuza sana. Usichanganye dawa hiyo na siki wala dawa nyingine ya usafi. Hutoa hewa ya sumu. Nailoni na katani zisiguswe na klorini, huoza na kugeuka njano: tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na chumvi ya kukwangulia.

Lililosugua ubao wa kuku mbichi lisirudi kwenye vikombe. Rangi moja itengwe kwa kazi hiyo, nyumba nzima iijue.

Likianza kuachia nyuzi fupi zinazobaki kwenye kuta za sahani, muda wake jikoni umekwisha. Litasugua ndoo, soli za viatu na sakafu ya choo miezi mingine. Akriliki iliyochakaa kabisa usiitupie kwenye mkaa kuwashia moto, maana moshi wake una sayanaidi; itie kwenye taka.